Chambo cha Uongo: Mazungumzo juu ya Samaki wa Bandia na Uvuvi wa Sangara

Tumeombwa tuseme habari za chambo kisicholiwa, yaani kitu kilichofanywa kwa mkono wa mtu, cha bati, cha mti, cha manyoya au cha mpira, kisicho na nyama wala harufu ya nyama, ambacho hufungwa ndoano na kuvutwa majini mpaka samaki mla samaki akakiona, akadhani ni windo lake, akakimeza. Wengine hukiita samaki wa bandia. Sisi tutakiita chambo cha uongo, maana ndilo neno tulilolisikia kwa wavuvi wenyewe, nalo latosha.

Twajua kwamba wako miongoni mwenu wanaojiuliza, karani na samaki wapi na wapi? Kazi yetu ni kalamu na daftari, kweli. Lakini karani akaaye karibu na mwalo husikia mashauri mengi kuliko akaaye mbali, na katika mashauri hayo liko moja linalorudi kila msimu, nalo ni shauri la chambo. Watu wengi hudhani ugomvi wa ziwani ni wa sangara. Mara nyingi sivyo. Ugomvi huanza kwa visamaki vidogo vya kumvulia sangara. Kwa hiyo tutaanza hapo, kisha tutakuja kwenye mabati na manyoya.

Mvuvi wa migonzo hutandika kamba ndefu yenye mamia ya ndoano, na kila ndoano yataka samaki mdogo, tena afadhali aliye hai. Hesabuni wenyewe: mtumbwi mmoja kwa usiku mmoja wahitaji mamia ya furu au watoto wa kambare. Kesho yake mamia mengine. Je, hupatikana wapi? Wengine hununua kambare wadogo kwa watu waliowafuga mabwawani, na hao hatuna neno nao. Ni biashara njema, hata vijiji vya bara vyaweza kuifanya. Lakini wengine huvutiwa kokoro ufukoni, wavu wenye macho madogo, ambao hukumba kila kilichomo: furu, watoto wa sato, watoto wa sangara wenyewe, na mayai yaliyotagwa katika mchanga. Kokoro limekatazwa na sheria, nalo lingali likivutwa usiku. Basi mtu humtafuta sangara mkubwa mmoja kwa kuwaua wadogo hamsini ambao wangekuwa wakubwa. Hilo ndilo jambo lililotufanya tuone kwamba habari za chambo cha uongo si mchezo wa matajiri tu, bali zawahusu watu wetu.

Sasa yafaa tumjue huyo tunayetaka kumdanganya. Sangara si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa mwaka 1954 upande wa Uganda, akatoka Ziwa Albert, kisha akaongezwa tena mwaka 1962 na 1963. Kwa muda wa miaka kama ishirini hakuonekana sana. Lakini katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na furu, ambao aina zao zilikadiriwa kuwa kama 500, walipungua sana na aina nyingi zikatoweka kabisa. Wazee wa Nassa na Kalemela waliokuwa vijana siku zile watawaambia jinsi nyavu zilivyobadilika uzito. Huyu samaki aweza kufika urefu wa mita mbili na kilo mia mbili. Yule aliyeandikwa kuwa mkubwa kupita wote waliovuliwa kwa mshipi kwa desturi ya mchezo alipatikana mwaka 2000 katika Ziwa Nasser nchini Misri, akawa na kilo 104.

Angali mdogo hula uduvi na wadudu wa majini. Akikua huingia kwenye dagaa na furu, na akiwa mkubwa hula hata watoto wa jamii yake bila haya. Mambo matatu ya mwili wake yatufaa sana. Kwanza jicho lake: ukimmulika taa usiku hung'aa kama la paka, maana limeumbwa kuona katika mwanga hafifu, kwa hiyo hula zaidi alfajiri, jioni na usiku kuliko jua la mchana. Pili, ubavuni mwake uko mstari utokao kichwani hata mkiani, na kwa mstari huo husikia mtikisiko wa maji. Samaki aliyejeruhiwa akienda upande upande, sangara hujua kabla ya kumwona. Tatu, yeye hataki maji mazito yasiyo na hewa. Katika matete na mafunjo ya kinamasi, kambare na kamongo huishi vema kwa kuwa wana njia ya kuvuta hewa ya juu, lakini sangara hawezi kukaa humo siku nyingi. Kwa sababu hiyo msimtafute katika madimbwi ya Mto Simiyu wakati wa kiangazi, wala katika malambo ya ng'ombe ya Bariadi. Mtapoteza siku.

Tumelisema hili kwa kusudi, maana vijana wawili wa bara walitufikia wakiwa na chambo cha bati kilichonunuliwa mjini, wakalalamika kwamba walikitupa lamboni siku tatu bila kupata hata mkia. Chambo hakikuwa na kosa. Lamboni mna sato na kambare. Sato chakula chake kikubwa ni ukoga na vijidudu. Hana haja ya kufukuza bati. Kambare huwinda kwa kunusa na kwa kugusa kwa ndevu zake, basi kitu kisicho na harufu chamwambia nini? Mara moja moja atakishika kikipita mbele ya uso wake, lakini afadhali mumpe mnyoo. Na ningu, yule anayepanda mito mvua zinapoanza, hakwangui ila ukoga wa mawe. Chambo cha uongo ni cha samaki anayewinda kwa jicho na kwa kusikia mtikisiko. Huku kwetu huyo ni sangara kwanza, na mbofu kidogo.

Hila hii si ngeni duniani. Yuko mwandishi wa Kirumi aitwaye Aelian, aliyeishi yapata mwaka 200 baada ya Kristo, aliyeandika habari za watu wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuitia manyoya mawili ya jogoo, wakawapata samaki wa mtoni waliodhani ni nzi. Watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga ndoano za kome zing'aazo. Pwani yetu ya Uswahilini nako, mwenye ngalawa hufunga manyoya au nyuzi za kamba zilizochambuliwa, akaburura nyuma ya chombo tanga likiwa limejaa, naye hupata nguru, jodari na kolekole. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wa mgebuka hushusha mshipi wenye ndoano nyingi zilizovikwa manyoya, wakauinua na kuushusha mbele ya taa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba jambo hili ni la wageni wanaokuja Rubondo na vijiti vyao vya gharama.

Tuje sasa kwenye aina zenyewe.

Iliyo rahisi kupita zote ni kijiko. Husimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, Julio Buel, alipokuwa kijana alikuwa akila chakula ndani ya mtumbwi, kijiko kikamponyoka, na kilipokuwa kikizama akimetameta samaki akatoka chini akakinyakua. Kama kisa hiki ni kweli tupu au kimetiwa chumvi, hatuwezi kuapa. Lakini hati ya serikali ya kumlinda juu ya chambo chake ilitolewa mwaka 1852, na tangu hapo vijiko vimeenea duniani. Kijiko cha kuvulia ni kipande cha chuma au shaba kilichobonyea, chenye tundu mbele kwa mshipi na tundu nyuma kwa ndoano. Kikivutwa, maji hukisukuma upande mmoja, kikateleza, kisha upande wa pili. Hivyo huyumba kama samaki mgonjwa na kutoa mwanga kila kinapogeuka. Siri yake yote ni mwendo. Ukivuta polepole mno huzama kama jiwe. Ukivuta kwa kasi mno huacha kuyumba, kikazunguka mbio na kuusokota mshipi mpaka uwe kama nywele za mtoto asiyechanwa. Kwa hiyo hutiwa mbele yake kifundo kidogo cha chuma kinachozunguka chenyewe, ili mshipi usisokoteke. Kifundo hicho ni kidogo na watu hukidharau, lakini mvuvi asiyekuwa nacho atakata mshipi wake kwa kisu kabla ya adhuhuri.

Ndugu yake kijiko ni kile chenye jani. Hapa jani la bati jembamba huzunguka juu ya waya, na ndoano hufuata nyuma. Hiki hulia majini, yaani hutikisa maji sana, na kwa hiyo chafaa maji yaliyochafuka. Mjue ya kuwa maji ya Ghuba ya Speke siku nyingi ni ya kijani kwa ukoga, na mito ikijaa huwa ya tope. Katika maji kama hayo rangi nzuri za dukani humvutia mnunuzi kuliko samaki. Mtikisiko ndio utangulizi.

Aina ya tatu ndiyo tunayoipenda, nasi tutaikalia kidogo. Ni samaki wa mti. Katika nchi ya Finland, ambayo ina maziwa maelfu, alikuwako mvuvi maskini aitwaye Lauri Rapala. Huyu hakuvua kwa starehe; alivua ili watoto wale. Akipiga kasia siku nzima aliwatazama samaki wakubwa wakilizunguka kundi la wadogo, akaona jambo moja: mkubwa hakumshika ye yote tu. Alimngoja yule anayekwenda vibaya, anayelalia ubavu kidogo. Basi mwaka 1936 alichukua kisu cha mshona viatu, akachonga gamba la mti jepesi liitwalo koki kwa mfano wa kisamaki, akalifunika karatasi ya fedha iliyofungiwa chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na rangi ya kuzuia maji aliyeyusha filamu kuu kuu za picha akalipaka. Mbele alitia ulimi mdogo. Kitu kile kilipovutwa kilikwenda vibaya vizuri, kama alivyotaka. Alifariki mwaka 1974, na leo vyambo vya jina lake huuzwa katika nchi nyingi, na hao wanaomfuata sangara kwa mchezo huvitumia sana.

Angalieni ulimi ule, maana ndio akili ya chombo. Maji hukandamiza ulimi, nao hukivuta chambo chini. Ulimi mrefu ulionyooka mbele hukipeleka chini sana. Ulimi mfupi ulioinama hukiacha karibu na uso wa maji na kukiyumbisha zaidi. Mvuvi akiacha kuvuta, samaki wa mti huelea na kupanda tena. Faida yake mtaiona kwenye mawe. Kijiko kikifika juu ya jiwe la chini hunasa, na fedha imekwenda. Samaki wa mti ukimwachia mshipi kidogo hurudi nyuma na kupanda, akajiokoa. Nao sangara wakubwa hupenda kujibanza penye mawe, kwa hiyo asiyekubali kupita karibu na mawe amechagua kuvua wadogo.

Tena samaki huyu aweza kufanywa nyumbani. Yuko mti mwepesi uotao majini ukingoni mwa ziwa, ambao wavuvi huutumia kwa maboya. Huo huchongwa kwa kisu cha kawaida. Waya hupitishwa katikati toka kinywani hata mkiani, ili samaki akivuta avute waya wala si mti. Hili ni sharti. Tumeona vyambo vilivyochongwa na fundi hodari wa kuchonga, vina macho, vina magamba, lakini ndoano zilipigiliwa kwa msumari mdogo juu ya mti. Sangara wa kilo kumi aling'oa msumari na kwenda nao. Ulimi hukatwa katika kopo la bati au plastiki ngumu. Chini ya tumbo hutiwa kipande kidogo cha risasi ili asipinduke. Kisha hujaribiwa katika maji tulivu karibu na mtumbwi: akienda kulia tu, kipindwe kidogo kile kitundu cha mbele kuelekea kushoto, mpaka aende sawa. Walimu wa kazi za mikono waweza kuwafundisha wanafunzi jambo hili, wakitumia chambo kisicho na ndoano.

Viko na vile vya kichwa cha risasi na mkia wa manyoya au wa mpira laini. Hivi havivutwi sana. Hushushwa mpaka chini, mkono ukainua na kushusha, ukainua na kushusha, kwenye kina, mtumbwi ukiwa umetulia. Mikia ya mpira laini itengenezwayo viwandani huchezacheza kama mkia hasa, lakini huchanika upesi. Kisigino cha kandambili kuukuu kikikatwa vizuri hakipungui sana kwa uzuri. Vile vya kuruka juu ya maji na kupiga kelele tutavipita, kwa sababu ghubani kwetu mawimbi ya mchana huviharibia kazi.

Namna ya kuvitumia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kuburura: mshipi mrefu nyuma ya mtumbwi, mwendo wa kasia ya mtu asiye na haraka, mkono ukishika mshipi ili usikie kama chambo kingali kikiyumba. Mkono ukiacha kusikia mtetemo, jani limenasa, vuta ulitoe. Ya pili ni kurusha toka mahali pamoja na kuvuta. Hapa tuna maneno ya kuonya. Mtu anayerusha toka ufukoni hupenda kuingia majini hata magotini ili chambo kifike mbali. Asifanye hivyo. Kichocho kiko katika pwani za ziwa hili, nacho huingia kwa ngozi bila maumivu. Tena katika midomo ya mito mna mamba na viboko ambao hawatofautishi mvuvi na mtu mwingine. Asimame juu ya jiwe kavu au ndani ya chombo.

Juu ya mshipi, sangara hana meno ya kukata kama yule samaki mwenye meno ya mbwa akaaye Kilombero na Ziwa Tanganyika, ambaye pasipo waya hushikiki kwake kitu. Lakini kinywa cha sangara kimekwaruza kama msasa, na kifuniko cha mashavu yake kina makali. Mshipi mwembamba ukisuguliwa robo saa hukatika. Basi pima moja ya mbele iwe ya nailoni nene. Fundo lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, kwa sababu nailoni kavu ikikazwa hujiunguza yenyewe. Samaki akifika chomboni asishikwe kwa kutia vidole mashavuni. Ashikwe mdomo wa chini kwa kitambaa, na miiba ya mgongoni iangaliwe.

Sasa tuseme wazi kama chambo hiki chaweza kumlisha mtu, maana hilo ndilo mtakaloulizwa mkirudi vijijini. Tulipolieleza jambo hili mwaloni, mvuvi mmoja mtu mzima alitujibu, "Karani, mgonzo wangu hulala kazini, nami nalala nyumbani. Huyo samaki wako wa mti nikilala naye analala." Jibu hili ni la haki, wala hatuna la kulipinga. Chambo cha uongo hakifai katika mgonzo, kwa kuwa mgonzo hautembei, na kitu kisichotembea hakimdanganyi sangara. Chataka mkono wa mtu na kasia saa zote. Mwenye mtumbwi mkubwa anayetaka mizigo ya kiwandani hataacha migonzo na nyavu kwa ajili yake.

Lakini yuko mtu mwingine. Yuko yule mwenye mtumbwi mdogo, asiye na fedha ya nyavu, wala ya kununua chambo hai kila jioni, ambaye leo hana njia ila kujiunga na wavuta kokoro apewe fungu. Kwake huyu vyambo vitatu au vinne ni mtaji unaodumu, kama havijanasa. Sangara wawili watatu kwa alfajiri huuzwa palepale, kimoja kikapelekwa nyumbani. Tena kina sifa ambayo wavu hauna: samaki mdogo hurudishwa akiwa hai. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mwaka 2003, zimekataza sangara aliye chini ya sentimita 50. Wavu humleta akiwa amekwisha kufa, na mvuvi husema, nifanyeje, amekufa. Mwenye mshipi hana udhuru huo. Humtoa ndoano akiwa bado majini, akamwacha. Illa ajue ya kuwa samaki aliyepandishwa upesi toka kina kirefu hufura tumbo kwa hewa, na huyo mara nyingi haishi. Kwa hiyo mahali watoto wanaposhika mfululizo yafaa mtu ahame, asiendelee kuwatesa akisema anawarudisha. Kwa habari hiyo hiyo ndoano za meno matatu zaweza kuondolewa ikatiwa ya jino moja. Hushika vile vile na hutoka upesi.

Na liko jambo la sumu, ambalo hatutaki kulipita. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikataa kununua samaki wa ziwa hili kwa nchi zote tatu, kwa sababu palionekana watu wakiua samaki kwa dawa za wadudu. Viwanda vilisimama, na aliyeumia kwanza alikuwa mvuvi wa mwisho kabisa. Sisi wa Simiyu tunalima pamba, na dawa ya pamba iko katika kila nyumba. Kijana anayeshawishiwa kumwaga chupa katika dimbwi la Mto Simiyu au Duma mwezi wa Agosti hupata kambare wa debe moja, na maji yale yale hunywewa na ng'ombe wa baba yake. Wenyeviti, hili liko mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwa afisa uvuvi, maana yeye ni mmoja na mito ni mirefu.

Kuhusu leseni, mtu asianze bila kuuliza ofisi ya uvuvi ya wilaya, maana leseni ya chombo ni mbali na ya mvuvi, na ada hubadilika. Vile vile asinunue vyambo kumi kwa mara moja. Anunue kijiko kimoja na samaki wa mti mmoja, ajifunze kusikia mtetemo wake mkononi, vingine atachonga.

Watoto wasiachiwe vitu hivi vikiwa na ndoano. Ndoano ikiingia katika nyama mpaka kishikio chake kizame, isivutwe kinyume. Mtu apelekwe zahanati, naye aulizwe kama amewahi kuchomwa sindano ya pepopunda.

Vielelezo tulivyovileta viko juu ya meza ile karibu na dirisha: vijiko viwili, kimoja chenye jani, na samaki wa mti watano, watatu wa kununua na wawili waliochongwa hapa hapa Busega. Vipokezaneni mkavitazame. Ndoano zake tumezifunga kwa vizibo, nanyi mkimaliza zirudishiwe vizibo vyake. Beseni la maji liko nje, na atakaye kumwona samaki wa mti akiogelea na atufuate sasa kabla jua halijazama.